Nalingi kwenye lethi ndogo: bana, usisukume

Swali lililonifikia, nimelifupisha kidogo: "Fundi, nina lethi ndogo ya mezani. Ilikuja na kifaa cha nalingi chenye vigurudumu viwili mbele, kile cha kusukuma kwa krosislaidi (slaidi inayosogeza kifaa kuelekea shafti). Kwenye alumini kinajitahidi, ila kwenye chuma mashine inalia, mistari inatoka imerudiwa rudiwa, na juzi shafti ya milimita 12 imepinda kabisa. Ninunue kile cha kubana juu na chini au kile cha kukata? Na hivi vya bei chee vinaweza kuboreshwa?"

Pole na hiyo shafti. Kwa asiyejua, lethi ni mashine ya kukereza, inazungusha kipande cha chuma (ndo tunachokiita kazi), na nalingi ni ile michoro ya mistari au almasi inayotiwa juu yake, kama kwenye vishikio vya zana, ili kishikike bila kuteleza. Nikupe jibu fupi kwanza: chukua cha kubana, hata kama ni cha bei ya kawaida tu, alafu tenga siku moja urekebishe pini na maungio yake kabla hujakitumia. Cha kukata achana nacho kwa sasa. Na hicho ulicho nacho usikitupe, kina sehemu yake, nitafika huko.

Sa tuanze na hicho kilio. Nalingi ya kawaida haikati kitu. Ni kigurudumu chenye meno magumu kinaukandamiza uso wa chuma mpaka chuma kinahama, kinashuka penye jino na kupanda pembeni, kama tope linavyopanda katikati ya vidole ukilikanyaga peku. Ndo maana ukipima baada ya nalingi unakuta kipenyo kimeongezeka, kwa pichi (umbali kati ya jino na jino) ya milimita 1 kinaongezeka kama 0.3 mpaka 0.5 kutegemea na chuma chenyewe na umekandamiza kiasi gani. Kukihamisha chuma hivo kunataka nguvu nyingi kuliko kukereza kwa kawaida, na kifaa chako kinaipeleka nguvu yote upande mmoja: kinasukuma shafti, shafti inasukuma chaki (taya zinazoishika na kuizungusha), chaki inazisukuma beringi za kichwa cha mashine, na kinachorudi nyuma kinaishia kwenye skrubu ya krosislaidi na ile nati yake ya shaba, ambayo ikishalika ndo unaanza kuona mpini unazunguka robo nzima kabla slaidi haijasogea. Mashine kubwa ya karakana haishtuki. Ya mezani inashtuka sana, na shafti nyembamba iliyoshikwa upande mmoja inafanya ilichofanya yako, inakimbia.

Cha kubana kimekaa kama mkasi au koleo, mkono mmoja juu na mmoja chini, kila mmoja na kigurudumu chake, na skrubu inayoivuta mikono ikutane. Kigurudumu cha juu kinasukuma chini, cha chini kinasukuma juu, nguvu zinamalizana humo humo ndani ya kifaa. Mashine kazi yake inabaki kuzungusha na kutembeza tu. Kwa lethi ya ukubwa wako hiyo tofauti peke yake inatosha kumaliza mjadala, mi sioni hata cha kubishania.

Cha kukata ni kitu kingine kabisa ingawa kwa mbali vinafanana. Vigurudumu vyake vina meno yaliyonyooka, vimewekwa kwa kuinama nyuzi 30 kila kimoja upande wake, na ukingo wa kigurudumu ni mkali, unakata kweli na chembe unaziona. Uzuri wake nguvu ni ndogo, kipenyo hakiongezeki sana, na kinafaa kwa vitu visivyopenda kukandamizwa kama chuma cha kusubu, plastiki na bomba lenye ukuta mwembamba. Ubaya wake bei, na kukiseti kunataka uvumilivu manake urefu wa senta (kimo cha katikati ya shafti) ukikosea kidogo mistari ya kulia na ya kushoto inapishana kina. Alafu kuna jambo watu wanaligundua wameshanunua: kinatakiwa kianzie mwisho wa kazi au kwenye mfereji uliokereza kabla, huwezi kukidumbukiza katikati ya shafti ukaanzia hapo. Vigurudumu vya kukandamiza vinaanzia popote unapotaka. Kama unatengeneza vishikio 200 vya plastiki kwa wiki basi fikiria, kama ni vishikio vya zana zako mwenyewe hutakihitaji.

Kingine utakutana nacho ni kile chenye kichwa kinachozunguka chenye jozi tatu za vigurudumu, nene, wastani na laini. Kinavutia macho, najua. Lakini nacho ni cha kusukuma kama chako, na kile kichwa kinachocheza kinaongeza ulegevu. Pita.

Ukienda kununua cha kubana angalia mikono kwanza, shughuli ya rangi baadae. Shika vigurudumu kwa vidole uvitikise kushoto kulia. Vitacheza, hilo usishangae, vya bei chee vyote vinacheza, swali ni vinacheza wapi. Kama ulegevu uko kwenye pini za vigurudumu au pini za maungio ya mikono, hiyo inatibika nyumbani. Kama mikono yenyewe imepinda, au ukiifunga vigurudumu havikutani uso kwa uso, kimoja kimeenda mbele ya mwenzie milimita nzima, kirudishe kwenye shelfu. Angalia pia kinafunguka kiasi gani, maana vingi vidogo vinaishia shafti ya milimita 20 na kitu, na urefu wa shina lake uendane na tulposti yako (kishikio cha zana kwenye mashine), nimeona mtu kanunua kifaa kizuri kabisa chenye shina nene kuliko nafasi ya tulposti yake ikabidi akipunguze kwa grenda jioni nzima.

Vigurudumu vyenyewe ndo roho ya kazi. Kwenye vipimo vya milimita pichi utakazokutana nazo ni 0.5, 0.6, 0.8, 1.0, 1.2 na 1.6, na kwa mashine ya mezani mi ningeanza na 0.8 au 1.0, hizo nene kuliko hapo zinataka nguvu ambayo hatutaki kuitoa. Chukua vya haispidi (chuma kigumu cha zana za kukatia) ukiweza. Vile vinavyokuja na kifaa cha bei rahisi mara nyingi vina meno yenye makovu ya kutengenezewa na ugumu wa kubahatisha, na jino bovu linachapa ubovu wake kila mzunguko kwenye kazi yako. Ili upate umbo la almasi unahitaji kimoja cha kulia na kimoja cha kushoto, mistari yake imelala nyuzi 30 kwa pande tofauti. Usicheke, wapo wanaouziwa viwili vya upande mmoja, wanakandamiza wanapata mistari ya mshazari tu kama skrubu, wanadhani wamekosea wao. Viweke mezani vikae sambamba kama mapacha uangalie mistari, ikilala upande mmoja umepigwa. Na upana: kigurudumu chembamba kinataka nguvu ndogo kuliko kipana kwa kina kile kile, kwahiyo kama una uchaguzi kati ya upana wa milimita 8 na wa 10 chukua wa 8.

Sa kwenye kuboresha, ambako najua ndo ulikuwa unapasubiri.

Changu cha kwanza cha kubana nilikinunua kwa pesa kidogo na kilikuwa aibu. Nikaweka daiyo geji (saa ya kupimia uchezaji mdogo) kwenye kigurudumu cha juu, nikakisukuma kwa kidole pembeni, sindano ikatembea karibu nusu milimita. Nusu milimita, na pichi yenyewe ilikuwa 0.8! Yaani kigurudumu kilikuwa na uhuru wa kuhama zaidi ya nusu ya jino, alafu mi nilikuwa nategemea kitarudi kwenye mstari wake kila mzunguko. Nikafungua. Pini za vigurudumu zilikuwa chuma laini tu, ukipitisha tupa juu yake inakata kama inakata msumari, na katikati zilishaanza kulika bonde, na tundu kwenye mkono lilikuwa limetobolewa kwa drili butu, si duara wala si yai.

Nilichofanya, na ndo nakushauri ufanye: pini mpya zilizokomazwa, yaani zilizofanywa ngumu. Kama una pini za dowel (pini nyoofu za kuunganishia vipande) za kipenyo sahihi vizuri, kama huna, shina la drili biti ya zamani ya kabaidi ni pini nzuri sana, laini, nyoofu na ngumu kuliko kigurudumu chenyewe. Shina la biti ya haispidi wengine wanalitumia, lipime tu kwanza, mara nyingi lipo chini ya kipimo kidogo na mashina mengine hayajakomazwa kama upande wa kukatia, tupa ikilikata achana nalo. Kukata kabaidi ni kwa diski ya almasi tu, na vaa barakoa, vumbi lake si la kuvuta. Vigurudumu vingi vya milimita 20 vina tundu la 6, kwahiyo pini ya 6 iingie kwenye mkono kwa kubana kidogo na kigurudumu kizunguke juu yake bila kutikisika. Tundu la mkono likiwa limeharibika usihangaike kulibembeleza, litoboe kubwa zaidi, pitisha rima (zana ya kulisafisha tundu lifike kipimo), weka bushi (bomba fupi la kulivalisha tundu) ya shaba. Kwenye maungio makubwa ya mikono ni hivo hivo, rima na bushi, hapo hata ukitumia bolti iliyokerezwa vizuri inatosha kwa sababu haizunguki, inacheza nyuzi chache tu.

Baada ya pini, ule uwazi wa pembeni kati ya kigurudumu na mashavu ya mkono. Kata washa nyembamba kwenye bati la chuma, weka moja kila upande mpaka kigurudumu kibaki na uhuru wa kama 0.05 tu. Kizunguke kwa kidole bila kukwama, ila ukikitikisa usisikie kitu. Hii ni kazi ya dakika 20 na kwa maoni yangu ndo inayobadilisha matokeo kuliko zote.

Alafu ile nati ya kubania. Inakuja ya kuminya kwa vidole, yenye vinalingi vyake vibaya (kifaa cha nalingi chenye nalingi mbaya, haya). Badilisha uweke nati ndefu ya kushika spana, au mpini mdogo wa kuvuka, na chini yake washa iliyokomazwa yenye grisi au beringi ndogo ya kukandamizwa ukiipata. Unataka uweze kukaza robo mzunguko ukijua umekaza robo, isikung'ang'anie. Skrubu ikiwa ya uzi mwembamba ni bora zaidi: M8 (ya kipenyo cha milimita 8) ya kawaida inasogea milimita 1.25 kwa mzunguko, ya uzi mwembamba inasogea 1.0, na hapo kila robo unajua maana yake. Weka na springi kati ya mikono ili ijifungue yenyewe ukilegeza, la sivyo mkono wa juu unadondokea kazi ukitoa kifaa na kuacha kovu sehemu uliyokwisha kumaliza. Najua kovu hilo, lipo kwenye nyundo yangu ndogo mpaka leo.

Mwisho kwenye vigurudumu, kama kingo zake ni kali kama zilivyotoka kiwandani, piga chamfa (kulaza ukingo) ndogo sana kwa jiwe huku kigurudumu kinazunguka, 0.5 inatosha. Ukingo mkali ndo unaomega chuma na kuacha pete mwanzoni na mwishoni mwa nalingi.

Sasa mistari kurudiwa. Hili halitaisha kwa kifaa kizuri peke yake. Kigurudumu kinapomaliza mzunguko wa kwanza wa shafti, meno yake yanatakiwa yadumbukie kwenye mashimo yaliyochimbwa mwanzo. Ukigusa kwa upole upole mashimo yanakuwa hayana kina cha kulishika jino, linadondokea katikati ya mawili, linachimba mapya, na kuanzia hapo una mistari mara mbili na almasi zinakuwa vumbi. Hapa upole ndo unaoharibu. Anza kwa nguvu, na ili nguvu iwe ndogo kwa mashine usianze na upana wote wa kigurudumu, anza nusu ya upana ikiwa juu ya kazi na nusu nje hewani. Geuza kifaa kidogo kwenye tulposti, nyuzi 1 mpaka 2, ili ule upande wa kigurudumu unaotangulia ndo uume kwanza.

Kuna na hesabu, watu wengine wanaiapia na wengine wanaicheka, mi niko katikati. Pima kipenyo cha kigurudumu, gawanya kwa idadi ya meno yake. Kigurudumu cha 20 chenye meno 54 kinakupa 0.37, maana yake kila unapopunguza shafti kwa 0.37 umepunguza jino moja kamili kwenye mzunguko. Shafti yako ya 12: 12 gawanya kwa 0.37 unapata 32 na vipande, si namba kamili. Meno 32 kamili yanataka 11.85, kwahiyo ikereze mpaka 11.85 ndo utie nalingi. Si msahafu, kwa sababu kigurudumu kikizama kipenyo kinachohesabika kinapungua na hesabu inahama kidogo, lakini kuanza karibu na namba kamili kunakupa unafuu na kuuma kwa nguvu kunamalizia pengo lililobaki.

Kabla ya kuwasha, chomoa umeme. Bana vigurudumu, zungusha chaki kwa mkono mzunguko mmoja na nusu huku unaendelea kukaza, legeza, angalia kwa lenzi. Kila kigurudumu kinajitegemea, inawezekana mistari ya kulia imekaa safi na ya kushoto imerudiwa, umbo linakuwa kama almasi iliyokatwa katikati. Ikiwa imerudiwa sogea pembeni milimita chache au kereza kidogo uanze upya, usidhani itajirekebisha, haijirekebishi. Ikiwa sawa, toa ufunguo wa chaki, rudisha umeme, washa.

Spidi iwe ndogo, mizunguko 80 mpaka 150 kwa dakika kwa shafti za ukubwa huo. Fidi (mwendo wa kifaa kando ya shafti) ya otomatiki iwe milimita 0.2 au 0.3 kwa mzunguko, na ikishaanza usiisimamishe huku inazunguka, ikisimama sehemu moja inachimba pete. Oili usiionee huruma, kwenye alumini mafuta ya taa yanafaa zaidi, kazi yake kubwa ni kuosha vile vipande vidogo vinavyomeguka visikandamizwe tena ndani ya mistari. Ukipaka kwa brashi paka upande ambao vigurudumu vinatoka kwenye kazi, si pale vinapoingia, na usikaribie na kitambaa wala glavu hata siku moja. Ukifika mwisho usifungue mikono, geuza fidi, kaza robo, rudi nayo. Pasi mbili, tatu zikizidi. Zaidi ya hapo chuma kimeshakomaa kwa kukandamizwa, kinaanza kutoa magamba, na nalingi iliyotoa magamba hakuna dawa, ni kukereza yote na kuanza tena kwenye kipenyo kidogo. Acha ncha za almasi zikiwa bado na kijibapa kidogo juu, usizitafute ziwe sindano, mkono utakushukuru. Stenlesi inakomaa haraka kuliko yote, hiyo imalize kwa pasi moja ukiweza.

Ukiwa na cha kubana hakikisha mhimili wa kigurudumu cha juu na cha chini vyote viko sawa na senta ya shafti ukitazama kwa pembeni. Vikiwa bado havijafika senta, ukikaza vinateleza na kukisukuma kifaa kirudi kwako. Na hata nguvu zikimalizana, shafti ndefu itie senta ya telistoki (ncha inayoishikilia mwisho wa pili), kubana hakuzuii kutikisika.

Mpangilio wa kazi nao: nalingi kwanza, vipimo vya mwisho baadae. Nalingi inaweza kuisogeza kazi kidogo kwenye chaki au kuipindisha kidogo, kwahiyo ukishakereza ile sehemu ya kuingia kwenye tundu kwa usahihi alafu ndo utie nalingi, umejitafutia. Bomba jembamba lizibe ndani kwa kipande kinachobana kabla hujalikandamiza.

Kile chako cha kusukuma kibakishe kwa shaba ya manjano na alumini, pichi laini, kazi fupi nene iliyo karibu na chaki, au kwa kipenyo kikubwa ambacho mikono ya cha kubana haifiki. Hapo kinafanya kazi vizuri tu. Kuna wanaokitumia kunenepesha shafti iliyolika ili beringi ibane tena, nami nimeombwa kufanya hivo mara kadhaa. Inabana kweli, siku ya kwanza, kwa sababu beringi imekalia ncha tu. Ncha zikishalala inarudi ilipokuwa na sasa shafti ina makovu. Na hiyo ya 12 iliyopinda, ukikata sehemu iliyopinda kilichobaki kitakutosha kwa kujaribia vigurudumu vipya, anzia 11.85 kama ni vya 20 vyenye meno 54.